Hata Kusalitiwa Vizuri Nimenyimwa

Mimi sina neno na msaliti. Msaliti ni mtu mwenye bidii. Analala akikuwaza, anaamka akikuwaza, anachagua siku na saa. Hata mama watoto hajawahi kunipangia kitu kwa uangalifu wa namna hiyo. Kilio changu ni kingine kabisa: nimecheza mchezo wa usaliti kwa wiki sita, na sikupata mtu mmoja aliyejali vya kutosha kunisaliti.

Aliyeuleta ni mpwa wangu. Yuko chuo kikuu, na akija kwangu Umoja, Nairobi, haji bure: akikosa kuomba nauli, huja na wazo. "Mjomba, kuna mchezo unaitwa Diplomacy. Watu saba, hauna dadu, hauna karata. Ni maneno tu." Maneno tu? Mimi nimeuza vifuniko vya simu Luthuli Avenue miaka 11. Kifuniko kikikataa kuingia kwenye simu yako, nitakueleza mpaka uone simu ndiyo yenye makosa. Nikasema niandike.

Ramani ni ya Ulaya mwaka 1901, huku kwetu mwaka ambao reli ilifika Kisumu. Kuna madola saba na vituo 34 vya kunyang'anyana, na anayefikisha 18 ameshinda. Afrika imewekwa pale chini kama pindo la leso: Tunis wameihesabu kituo, Afrika Kaskazini iliyobaki haina hata kimoja. Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini. Akasema, "Mjomba, cheza tu."

Kila mtu anaandika amri zake kwa siri, kisha zote zinafunuliwa kwa mpigo. Jeshi moja likigonga jeshi moja, hakuna anayesogea. Ili umng'oe mtu lazima jeshi lingine likuunge mkono, na mara nyingi jeshi hilo si lako. Kwa hiyo unabembeleza, unaahidi, unaapa, na hakuna sheria inayomlazimisha mtu kutimiza alichoapa. Aliyeubuni ni Mmarekani, Allan Calhamer, mwaka 1954. Mwaka 1959 akachapisha nakala 500 kwa gharama yake, na baadaye akaja kuwa tarishi. Miaka ya 1960 watu wakaanza kuucheza kwa barua. Hebu fikiria! Mtu anatoka kwake, anapanga foleni posta, ananunua stempu, analamba bahasha, yote hayo ili akuumize wewe. Hiyo ni heshima.

Sisi tuliucheza kwa simu, zamu ya siku mbili mbili, kila mwaka wa mchezo ukiwa na masika na vuli, mwisho wa kutuma amri saa tatu usiku. Bahati pekee iliyomo ni dola utakayopewa, na bahati yangu mimi naijua. Nilipewa Austria.

Austria ni chumba cha katikati kwenye ploti. Mrusi juu, Mturuki chini, Mwitalia ubavuni. Venice ya Italia na Trieste yangu zinashiriki ukuta, na ni madola hayo mawili tu yanayoanza mchezo miji yao ikigusana. Watu wa mitaa ya kifahari hawawezi kuelewa jambo hili. Mimi kwangu jirani akigeuka kitandani, shuka yangu inasogea.

Italia alikuwa shemeji yangu. Urusi, kinyozi wangu. Uturuki, kijana anayekodi nusu ya meza yangu akiuza spika za bluetooth. Uingereza alikuwa mwimbaji wa kwaya aliyekaa kisiwani kwake akitutumia mistari ya Biblia. Mpwa alijipa Ufaransa (kura ilipigwa na kompyuta, lakini mimi nasema alijipa). Ujerumani akawa mama mmoja wa mitumba, Gikomba, na huyo ndiye pekee aliyeelewa tunafanya nini. Ujumbe wake wa kwanza kwa Uingereza ulisema: "Mimi Denmark na Uholanzi, wewe Norway. Hiyo ni bei ya mwisho."

Mwaka wa kwanza nilicheza kama mtu mwenye akili zake. Nikachukua Serbia, nikachukua Ugiriki, nikawa na vituo vitano. Nilikuwa naingia kazini nikitembea katikati ya barabara. Nyumbani mambo hayakuwa mazuri, maana mama watoto aliokota simu yangu usiku akakuta shemeji ameandika, "Trieste siigusi tena, nakuachia wewe." Akaniuliza Trieste ni nani. Nikasema ni mji. Akasema, "Na ana watoto wangapi huo mji?"

Masika ya 1902 yakanikuta ndani ya matatu ya 35/60, Jogoo Road, mvua inanyesha, magari yamesimama kama yameegeshwa. Saa tatu kasorobo. Simu ina asilimia nne. Natoa simu nihamishe majeshi, makanga naye ananyoosha mkono: nauli mia. Asubuhi ilikuwa hamsini. Nikamwambia mvua hainyeshei injini. Akaniambia nishuke nikatembee nayo basi. Abiria wakagawanyika, nusu upande wangu, nusu upande wake, na mzee mmoja wa nyuma akasema yeye hayuko upande wowote, anataka tu dirisha lifungwe. Nilipokuja kutazama simu ilikuwa saa tatu na dakika sita. Majeshi yangu yote yalikaa pale pale kama ng'ombe waliofungwa. Mia nililipa pia.

Kinyozi akatumia mwanya huo kuingia Galicia, mlangoni pangu kabisa, na tulikuwa tumeahidiana pabaki patupu. Nilimwendea siku ya pili kunyolewa. Nikafunikwa kitambaa, wembe uko shingoni, nikaona huo si wakati wa kuuliza habari za Galicia. Tukazungumza mpira.

Lakini sikuwa na wasiwasi, kwa sababu shemeji alikuwa na jeshi Tirolia, jirani na Vienna. Nilimpigia. Nikamweleza polepole kama mtu anayemwelekeza fundi kwa simu: vuli hii unga mkono Vienna ikae. Vienna. Ikae. Akasema, "Shem, mimi na wewe ni damu." Si damu, ni ndoa, lakini nikashukuru.

Saa tatu ikafika. Amri zikafunuliwa. Tirolia inaunga mkono Galicia kuingia Vienna.

Nilisoma mara tatu. Halafu, sitawaficha, nikafurahi. Niliona shemeji amekomaa. Miaka tisa namjua, hajawahi kuwahi jambo, hata mahari aliyokuwa msemaji wake alifika watu wanaosha vyombo, na leo amekula njama na kinyozi kimya kimya akanitoa kwenye mji wangu mkuu! Nikampigia nimpe heko na matusi kwa pamoja.

"Shem," akasema, "kwani si Vienna ulisema?"

Alikuwa anakula chapati. Orodha ya amri ikafunguka, kidole kina mafuta, kikateleza kutoka mstari mmoja hadi mwingine, akabonyeza, akaendelea na maharagwe. Kinyozi hata hakujua atapata msaada. Alikuwa anajaribu tu. Vienna, mji wa wafalme, imeangushwa na chapati ya kusukumwa. Na kibaya zaidi namwamini. Angenidanganya ningemheshimu.

Nikaamua usaliti nitauleta mwenyewe. Kijana wa spika alikuwa ndani ya Bulgaria. Mpango: vuli ya 1903, jeshi langu litoke Serbia, manowari zangu za Ugiriki ziliunge mkono. Lakini kwanza nimlaze. Wiki hiyo hakuja kazini, alisema anauguza mamake Kitui, kwa hiyo ikabidi nimwandikie. Nilikaa usiku mbili nikitunga. Rasimu ya kwanza ilikuwa tamu mno, ingemshtua. Ya pili nikaweka malalamiko kidogo ili iwe na ukweli. "Ndugu yangu," nikaandika, "Mrusi ananimaliza, Serbia haitasogea, wewe nilindie mgongo tu." Mama watoto alinikuta sebuleni saa saba usiku nikijisomea kwa sauti. Akarudi kulala bila kusema kitu, na mwanamke akifika hapo ujue.

Nikatuma. Tiki moja. Kesho yake, tiki moja. Nikadhani ananipima, kumbe kijana ana kina! Vuli ikafika, nikavamia, nikaingia Bulgaria kwa kishindo, nikasubiri kilio.

Kimya. Tiki moja.

Aliporudi kazini ndipo nikajua. Simu yake ilikwapuliwa dirishani, matatu ikiwa imesimama kwenye taa, na zilikuwa zimepita siku 12. Nilikuwa nimesaliti kiti kitupu. Barua yangu nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, pamoja na ile ya kuomba mke, inasomwa na mwizi mahali fulani, naye anajiuliza Serbia imemkosea nini.

Baada ya hapo mchezo ulijifia. Uingereza akasafiri na kwaya, meli zake zikaelea. Mpwa akaingia mitihani. Mwaka 1905 mama wa mitumba alikuwa na vituo 11 na njia nyeupe mbele yake, akaandika, "Alhamisi nafungua belo. Tupige kura iwe sare." Tukapiga. Mtu angeweza kututawala Ulaya nzima, akatuacha kwa sababu ya sweta.

Jumamosi tukakutana soko la Burma kwa nyama choma, tutathmini. Kilo mbili za mbuzi, ugali mbili, kachumbari, soda saba. Kila mtu alikuwa karibu kushinda. Kinyozi alikuwa karibu kushinda. Shemeji, mwenye vituo vitatu, alikuwa karibu kushinda, "ila nilivunjwa moyo na Austria." Kijana wa spika alisema kama si simu, basi. Mwimbaji akasema mchezo unafundisha uongo, akaongeza nyama. Nikawaambia wazi kwamba wameniangusha, kwamba mtu anapoingia mchezo huu anatarajia kuumizwa na watu wanaojua wanachofanya. Mama wa mitumba alinitazama kwa muda, akapangusa mikono. Akasema, "Baba, nenda kanawe kwanza. Una mafuta mpaka kwenye kiwiko."

Nikaenda kunawa. Kulikuwa na foleni ya watu watatu na sabuni ilikuwa imeyeyuka nusu.

Niliporudi meza ilikuwa tupu. Viti sita vimesukumwa ndani kwa adabu. Mhudumu amesimama na karatasi, shilingi 3,460, na ananiambia yule mama aliwapa ishara wakatoka kwa mlango wa nyuma wawili wawili, na kwamba shemeji yangu ndiye aliyesimama mbele ya dirisha ili nisiwaone kutoka kwenye bomba.

Shemeji! Na hakuteleza kidole. Nililipa nikitabasamu, mhudumu akahesabu pesa mara mbili.