Mafuriko na ukame wa Usangu hupita geti moja

Habari za mto Ruaha Mkuu, unaopita bonde la Usangu mkoani Mbeya, hutufikia mara mbili kwa mwaka. Februari na Machi ni tuta kubomoka na majaruba kufukiwa na mchanga. Oktoba na Novemba ni viboko waliobanana kwenye dimbwi la tope ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Zinasimuliwa kama habari za mito miwili: ile ya masika inalaumiwa mvua, ile ya kiangazi analaumiwa mfugaji. Mimi naona zote zinapita kwenye geti la banio, yaani ukuta unaokinga mto na kugeuzia maji kwenye mfereji wa mashamba, na geti hilo tunalikumbuka siku ya kupandikiza mpunga tu.

Mito ya Chimala, Kimani, Mbarali na Ruaha wenyewe hutelemka kutoka milima ambako mvua hufika milimita 1,500 kwa mwaka, wakati tambarare ya Usangu hupata 600 hadi 700. Maji yakifika bondeni yanapoteza kasi, na mzigo wa kwanza kutuliwa ni mchanga. Mto unajijazia sakafu mwaka hadi mwaka mpaka unakuwa juu kuliko mashamba ya pembeni, ukisubiri upenyo. Upenyo wenyewe mara nyingi tunaupa sisi. Mfereji mkuu umenyooka, umefyekwa, una mteremko mzuri. Mto ukijaa usiku geti likiwa wazi, maji hayaoni tofauti ya mfereji na mto. Yanaingia, yanachimba kingo, na kukicha mfereji wa mita 3 umekuwa korongo. Ndiyo maana kwenye skimu iliyo makini mlinzi wa banio hulala jirani na geti kuanzia mvua kubwa ya kwanza, na huteremsha geti kabla kina hakijapanda, maana kikishapanda msukumo wa maji hulibana geti kwenye mihimili yake na gurudumu haligeuki.

Maji yanayobaki mtoni huenda kujaza mbuga mbili za majimaji. Ile ya magharibi hukauka kila mwaka. Ile ya mashariki, inayopokea pia mto Ndembera kutoka Mufindi, ndani yake ndiyo kuna Ihefu, sehemu yenye maji mwaka mzima. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, Ng'iriama, ambapo mwamba umelala kukingama mto kama kizingiti cha nyumba. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto unatiririka kwenda hifadhini na baadaye bwawa la umeme la Mtera. Yakishuka chini yake hata kwa upana wa kidole, mto umekatika, ingawa nyuma ya mwamba bado kuna maji mengi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanasema masika yakiwa makubwa, Ihefu itajaa na kiangazi kitavuka salama. Chukua jua la kiangazi linalopunguza milimita 6 za maji kwa siku. Kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Novemba ni siku 195 au zaidi kidogo, na hiyo ni karibu mita 1.2 iliyopotea bila mtu kuchota hata ndoo. Na kwa kuwa ardhi ni tambarare kama sinia, mafuriko makubwa hayaongezi sana kina. Yanatanua upana, na upana ndio jua linaloupenda. Mvua za El Niño za 1997/98 zilifurisha nchi nzima, na bado Novemba 1998 Ruaha ulikauka.

Kwa hiyo kinachoamua Novemba ni kile kinachoendelea kuingia Ihefu kuanzia Juni. Wataalamu waliopima miaka ya 2000 walikadiria kwamba ili mita za ujazo 0.5 tu kwa sekunde zipite Ng'iriama kiangazi chote, lazima ziingie wastani wa 7, wakati huo zikiwa zinaingia kama 4. Mtu atauliza: 6.5 nyingine zinakwenda wapi? Rudi kwenye milimita 6. Kilomita za mraba 100 za maji na matete, kwa kiwango hicho, hupoteza mita za ujazo 600,000 kwa siku, yaani karibu 7 kwa sekunde. Jua hula kwanza, mto hula makombo. Wanaopendekeza kuinua kizingiti cha Ng'iriama kwa ukuta wajibu kwanza swali hilo: kwenye sinia, sentimita chache za kwenda juu ni kilomita ngapi za kwenda pembeni?

Basi hizo mita za ujazo 3 kwa sekunde zinazopungua tutazipata wapi? Juu, kwenye mifereji. Mpunga umeshavunwa Juni, lakini mageti mengi hubaki wazi mpaka msimu unaofuata. Mengine huonekana yamefungwa. Kajisogeze uangalie chini: jiwe moja limekaa kwenye kizingiti, au mchanga wa masika umeganda pale, na geti limebaki na upenyo wa sentimita 5. Kwa geti la upana wa mita 1, maji yakiwa na kina cha nusu mita, upenyo huo hupitisha lita 90 hivi kwa sekunde, usiku na mchana. Mabanio kumi ya namna hiyo ni karibu mita 1 ya ujazo kwa sekunde, na kila jumuiya ya watumia maji itaapa kwamba ilifunga.

Banio la kienyeji la miti, matete na mawe lilikuwa na kasoro zake. Kila masika lilisombwa, kila mwaka likajengwa upya. Lakini lilivuja, na kuvuja kwake ndiko kulikomnywesha wa chini. Tulipojenga mabanio ya zege tukayaita bora, tukaupa ukuta uwezo wa kukinga mto mzima wa Agosti na kuugeuzia getini. Zege si kosa. Kosa ni kujenga ukuta na kusahau mlango wa chini wa kusafishia mchanga, au kuujenga kisha kuuacha ushike kutu. Mlango huo ufunguliwe mto ukiwa bado na nguvu, Aprili hadi Mei, ili mchanga uondoke mbele ya geti kuu. Ukisubiri Julai utauondoa kwa koleo.

Kuna wanaoacha geti wazi kwa sababu ya kweli: kijiji kinakunywa kutoka mfereji huo. Lakini watu 3,000 kwa lita 25 kila mmoja kwa siku ni lita 75,000, yaani chini ya lita 1 kwa sekunde. Kwa ajili ya lita hiyo moja tunachepusha makumi, nyingi zikiishia ardhini na kwenye magugu kabla ya kufika. Kisima kirefu chenye pampu, au bomba kutoka banioni, kingemaliza hoja. Kumwambia mtu afunge geti bila kumpa kisima ni kumchokoza.

Niliweke sawa na hili la umeme, maana mkulima wa Usangu ametukanwa sana miaka ya mgawo. Mita za ujazo 0.5 kwa sekunde kwa siku 60 ni mita za ujazo milioni 2.6. Bwawa la Mtera hutunza zaidi ya bilioni 3, na hujazwa na masika. Geti la Agosti halizimi taa Dar es Salaam. Linaua samaki, linakausha hifadhi, linamnyima maji aliye chini ya mto. Hoja hiyo inatosha yenyewe.

Kwa jumuiya za watumia maji, kipimo hakihitaji mhandisi. Tafuta sehemu ya mfereji iliyonyooka, pima mita 10 kwa kamba, tupa kijiti katikati na hesabu sekunde. Rudia mara tatu, chukua wastani. Tuseme ni sekunde 25: mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde, zidisha kwa 0.8 kwa kuwa maji ya chini na ya kingoni huenda polepole kuliko ya juu, unapata 0.32. Upana mita 3, kina cha wastani mita 0.5: jumla lita 480 kwa sekunde. Karibu sawa na kile tunachokitafuta pale Ng'iriama.

Fanyeni hivyo wiki ya mwisho ya Julai kwenye kila mfereji, siku moja, na namba zibandikwe ukutani zikiwa pamoja, wa juu na wa chini. Kisha mtu mmoja avue viatu, aingie mbele ya geti, apapase kizingiti kwa mkono.