Skrubu Moja Ukutani na Neno "Bahati Mbaya"

Doa lilianza dogo, chini ya kabati la jikoni, pale ukuta unapokutana na sakafu. Nikadhani ni maji ya kupiga deki, nikafuta. Kesho yake likarudi. Keshokutwa likarudi limekua, na siku ya nne mbao za sakafu zikaanza kuinua kingo. Upande wa pili wa ukuta huo ni sebule, na huko rangi ilikuwa imefura malengelenge.

Majuma matatu kabla ya hapo mkandarasi alikuwa ametufungia makabati mapya ya ukutani. Kazi safi. Nilimsifu mbele ya vijana wake, nikamlipa kila kitu isipokuwa salio dogo lililosubiri mlango mmoja uliokuwa haujakaa sawa.

Nikampigia simu. Maneno yangu ya kwanza nayarudia hapa kwa aibu: "Mzee, vijana wako wameniharibia nyumba."

Akanyamaza kidogo. "Bosi, sisi tumeondoka hapo ukuta mkavu. Majuma matatu! Hayo maji yalikuwa yanasubiri nini?"

Swali hilo lilinikera, lakini lilikuwa swali zuri, na yeyote atakayegombana na fundi kuhusu maji ataulizwa hilo hilo. Jibu lake ni hili. Skrubu ikipenya bomba, si lazima maji yaruke papo hapo. Mara nyingi skrubu yenyewe ndiyo inayoziba tundu ililolitoboa. Inakaa pale kama kizibo, siku au majuma, mpaka kutu, mtikisiko au presha inayopanda na kushuka ilegeze mshiko wake. Tundu la wazi la milimita 3 kwenye bomba lenye presha ya baa 3 (baa ni kipimo cha presha) lingemwaga kama lita 6 kwa dakika, na fundi angelijua kabla hajashuka kwenye ngazi. Tone moja kwa sekunde halipigi kelele. Ni lita 4 na kitu kwa siku, zinashuka ndani ya lipu taratibu, zinatafuta njia ya chini.

Wakati huo sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nina hasira, na mkononi nina nyundo.

Namshukuru jirani aliyeninyang'anya ile nyundo. Kama ningebomoa ukuta peke yangu na kuikuta skrubu, mkandarasi angekuwa na haki ya kuuliza kama si mimi niliyelitoboa bomba kwa papara zangu. Ushahidi ulioufukua peke yako una thamani ndogo kuliko ule mlioutazama pamoja. Kwa hiyo nilifunga valvu kuu, nikasogeza vitu, nikanyanyua mbao zilizolowa ili hewa ipite. Hayo ni lazima na hayamsubiri mtu: kuvu huweza kuanza kuota kwenye vitu vilivyolowa ndani ya saa 24 hadi 48, na sheria za nchi nyingi hazimpi fidia mwenye nyumba kwa hasara aliyoiachia ikue huku amekunja mikono. Kuzuia madhara yasiongezeke ni kazi yako hata kama kosa si lako. Kuufungua ukuta ndiko kulikosubiri. Nilimwandikia kwamba keshokutwa asubuhi fundi bomba mwingine, asiye wa kwangu wala wa kwake, atakuja kufungua, na kwamba naomba awepo.

Kabla ya siku hiyo nilifanya jaribio moja dogo linalostahili kujulikana na kila mwenye nyumba. Nilifungua valvu, nikafunga koki zote, nikasimama mbele ya mita ya maji. Hakuna aliyekuwa akitumia maji, na mshale mdogo ulikuwa unazunguka. Nikaurekodi kwa simu dakika tano, nikafunga tena.

Akaja. Fundi bomba akakata lipu mraba mdogo, akapangusa vumbi kwa brashi, na tukaiona sote watatu: ncha ya skrubu imezama kwenye bomba, imezungukwa na pete ya kutu, na tone linaning'inia. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha mkandarasi akasema, kwa upole kabisa, "Aisee. Hii ni bahati mbaya."

Hapo ndipo ugomvi wetu wa kweli ulipoanza.

Maoni yangu, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii, ni kwamba neno "bahati mbaya" huharibu mazungumzo haya kuliko maji yanavyoharibu ukuta. Fundi analitoa kama utetezi wa utu wake: mimi si mzembe, si mwizi, sikukusudia. Mwenye nyumba analipokea kama mkwepo: kwa hiyo hulipi. Basi mnabishana saa nzima kuhusu nia, jambo ambalo hakuna aliyelikana. Mimi nilipaza sauti. Yeye akanihesabia miaka yake ya kazi. Fundi bomba akajifanya anatafuta kitu kwenye gari lake.

Ukweli ni kwamba nia haina nafasi hapa. Anayevunja chombo cha mwenzake bila kukusudia hajatenda dhambi, na chombo bado kimevunjika. Kwenye kazi ya ujenzi swali la kisheria huwa ni kama kazi ilifanywa kwa uangalifu unaotarajiwa kwa mtu wa fani hiyo, na kama uharibifu umetokana na kazi hiyo. Siku nilipomwambia, "Mzee, najua hukukusudia, na sitalisema tena hilo," mabega yake yalishuka. Tukaanza kuzungumza kuhusu mbao.

Alikuwa na utetezi wa kweli, nami sitaki kuupitia juujuu. Aliniuliza: "Ulituonyesha bomba linapita wapi?" Sikuwa nimemwonyesha, kwa sababu sikujua. Kama ningejua nikanyamaza, sehemu ya hasara ingekuwa yangu, tena kwa haki. Lakini bomba linaloelekea kwenye koki kwa kawaida hupita wima au mlalo kutoka kwenye koki hiyo, na ile skrubu ilikuwa juu ya koki ya sinki, wima kama uzi wa timazi. Mtu anayefunga makabati kila siku anapaswa kuliogopa eneo hilo hata asipoambiwa. Akasema kile kifaa chake cha kutafuta mabomba hakikulia. Huenda ni kweli. Vifaa vingi vya aina hiyo hutafuta chuma, na bomba la plastiki huvipita. Ila hiyo ni sababu ya kutumia skrubu fupi, si sababu ya kuniachia mimi sakafu iliyofura.

Utetezi wa pili nilikataa hata kuujadili: kwamba aliyetoboa ni kijana wa kibarua ambaye hayupo tena. Mimi sikupatana na kijana. Nilipatana na mkandarasi, na aliyemleta mtu ndani ya nyumba yangu ndiye anayemjibia. Wao wamalizane wenyewe, na kwa kweli ningependa wasimkate yule kijana mshahara wote kwa kosa la sentimita mbili.

Sasa upande wangu, maana nami nilikosea. Nilitaka sakafu yote mpya, jikoni na sebuleni, na ukuta mzima upakwe rangi. Yeye alisema atabadilisha mbao nne. Mbao nne! Ukweli ulikuwa katikati, na umbali kutoka kwake hadi huko haukuwa mkubwa kuliko umbali kutoka kwangu. Fidia inakusudiwa kukurudisha ulipokuwa kabla ya ajali, si kukuvusha mbele. Sakafu yangu ilikuwa na zaidi ya miaka 10, imekwaruzwa na viti, imefifia karibu na dirisha. Kumdai mtu bei kamili ya sakafu mpya badala ya hiyo ni kumfanya anilipie uzee wa vitu vyangu. Lakini mbao nne nazo hazikunirudisha nilipokuwa, kwa sababu aina ile haitengenezwi tena, na kiraka cha rangi nyingine katikati ya jikoni ni uharibifu wa pili. Tulikubaliana abadilishe sakafu ya jikoni yote, mimi nichangie theluthi ya bei ya mbao, yeye abebe kazi, lipu na rangi ya kuta mbili. Sebuleni hakuna ubao uliolowa, nikaacha. Mke wangu mpaka leo anaona nilikuwa mlegevu. Inawezekana.

Kuhusu salio, kuna ushauri unaozunguka kwamba usimlipe fundi hata senti mpaka akukomeshee tatizo. Siukubali. Kama unadaiwa fedha nyingi na uharibifu ni mdogo, ukishika zote wewe ndiye unayevunja mapatano, na fundi mwenye akili atahamisha mjadala kutoka kwenye bomba lake hadi kwenye deni lako. Shika kiasi kinacholingana na hasara, sema kwa maandishi ni kiasi gani na kwa nini, na ukilipe siku ileile kazi itakapokamilika. Salio langu lilikuwa dogo kuliko hasara, kwa hiyo nililishika lote. Lingekuwa kubwa ningeligawa.

Bima nitaigusa kidogo tu, kwa kuwa yeye hakuwa nayo. Mkandarasi mwenye bima ya dhima, yaani ile inayolipa hasara anayowasababishia wengine, hutakiwa mara nyingi asikiri kosa kabla kampuni yake haijaarifiwa, kwa hiyo ukimwona amekuwa bubu ghafla usidhani lazima ni kiburi. Mwombe namba ya bima. Na kama nyumba yako imekatiwa bima, toa taarifa mapema, kwa sababu mikataba mingi ya bima hulipa bomba lililopasuka ghafla lakini hukataa mvujo wa polepole wa muda mrefu, na kila siku unayochelewa inausogeza mvujo wako kwenye kundi la pili.

Nani afanye ukarabati? Moyo wangu ulisema: mtu yeyote isipokuwa yeye. Rafiki zangu wote walisema hivyo pia. Lakini kumpa aliyeharibu nafasi ya kwanza ya kurekebisha kuna faida zake. Kunamgharimu kidogo kuliko kumlipa mwingine, kwa hiyo ana sababu ya kukubali haraka. Na kama mambo yangefika mbele ya msuluhishi au hakimu, mtu aliyemnyima mwenzake nafasi hiyo bila sababu huanza akiwa na maelezo ya kutoa. Ingekuwa ni umeme au gesi, au kama angenidanganya, nisingemruhusu avuke kizingiti. Yeye hakudanganya, alijitetea tu. Kwa hiyo niliweka masharti matatu. Bomba litengenezwe na fundi bomba, si na seremala. Lijaribiwe kwa presha ukuta ukiwa bado wazi. Na lipu ikauke kabisa kabla ya rangi. Hilo la mwisho tulilivutania sana, maana kukauka kwa ukuta uliolowa ndani huchukua majuma, na fundi yeyote anataka afunge kazi aende. Ukipaka rangi juu ya unyevu, malengelenge yatarudi, na safari hii kila mtu atasema ni ukuta wako mbaya.

Tuliyapatana kwa ujumbe wa simu, mistari sita: kilichoharibika, chanzo tulichokiona pamoja tarehe fulani, atakachofanya yeye, nitakachochangia mimi, lini, na kwamba salio litalipwa baada ya hapo. Nilimwomba ajibu "nakubali". Akajibu kwa kidole gumba. Nikamwomba tena, kwa maneno. Nadhani alicheka, lakini aliandika.

Mwishoni alileta karatasi ya kusaini, yenye sentensi moja: mteja hana madai mengine yoyote. Karatasi kama hiyo ni haki yake, naye anahitaji kulala usingizi. Lakini "yoyote" ni neno pana mno kwa ukuta ambao hauna hata mwezi tangu ukauke. Nilikata kwa kalamu, nikaandika kwamba sina madai mengine kuhusu uharibifu uliotajwa, isipokuwa unyevu ukionekana tena mahali hapo ndani ya miezi sita. Alisoma mara mbili. Akasaini.

Najua wapo ambao fundi wao alizima simu na hakurudi tena. Kwao njia ni barua yenye tarehe ya mwisho, makadirio ya mafundi wawili wengine, kisha msuluhishi au mahakama inayosikiliza madai madogo, na zile picha zilizopigwa mapema ndizo zitakazosema. Ninachowaomba ni wasianze kwa kuibandika sura yake mtandaoni. Nilishaiandaa yangu, pamoja na picha na maneno makali. Ningeirusha, angekuwa na jina la kulinda badala ya bomba la kutengeneza, na huenda mimi ndiye ningetafuta wakili.

Siku ya kuufunga ukuta alinipigia kelele kutoka jikoni: "Bosi, lete futi kabla sijaziba!" Tukapima wote wawili. Bomba linapita sentimita 64 kutoka kona ya dirisha, linapanda wima hadi sentimita 180, kisha linakata kulia. Nilipiga picha futi ikiwa imelazwa juu ya bomba. Yeye akaandika vipimo kwa penseli ndani ya mlango wa kabati, ule ambao bado haujakaa sawa.