Florida imejiwekea kinga dhidi ya hasara. Mtoto wa darasa la tatu je?

Katika jimbo la Florida nchini Marekani, dereva wa basi la shule akimgonga mtoto kwa uzembe, familia ina haki ya kuishitaki bodi ya shule, lakini kiasi ambacho bodi hiyo itawajibika kulipa kimekwisha kupangwa na sheria: dola 200,000 kwa mtu mmoja na dola 300,000 kwa tukio zima, hata kama walioumia ni wengi. Viwango hivyo vimekuwapo tangu Oktoba 2011. Mahakama ikiamua kwamba mtoto anastahili mamilioni, kinachozidi hapo kwa kawaida husubiri hadi Bunge la jimbo litunge sheria mahususi kwa ajili ya mdai huyo mmoja, na kuna familia zilizosubiri miaka mingi.

Nyuma ya kikomo hicho ipo mifuko ambayo serikali hubebea hasara zake yenyewe badala ya kuzihamishia zote kwenye kampuni za bima. Jimbo lina mfuko wake chini ya Idara ya Huduma za Fedha, unaolipa mafao ya watumishi walioumia kazini, uharibifu wa majengo na madai ya watu waliodhuriwa. Bodi za shule nazo zinaruhusiwa kutenga fedha zao, kuunganisha nguvu na taasisi nyingine za umma, au kununua bima sokoni. Nadhani viwango vya fidia ni vya chini mno, lakini mfumo wenyewe siupingi, kwa kuwa hukumu moja kubwa inaweza kuivuruga bajeti ya wilaya ndogo, na watakaoumia ni wanafunzi walewale. Serikali imekiri kwamba itakosea, ikatenga akiba, ikaweka ukomo wa kile itakachopoteza siku moja ikiharibika.

Ninachokililia ni kwamba Bunge hilohilo halikumpa uangalifu wa namna hiyo mtoto wa miaka minane au tisa.

Tangu sheria ya mwaka 2002, mwanafunzi wa darasa la tatu huko Florida anayepata daraja la kwanza, ambalo ndilo la chini kabisa kati ya matano, katika mtihani wa kusoma wa jimbo, hulazimika kukariri darasa isipokuwa awe na sababu inayotambuliwa na sheria. Machi 2022 gavana Ron DeSantis alitia saini sheria iliyoufuta mtihani mmoja mkubwa wa mwisho wa mwaka na kuweka upimaji wa mara tatu: mwanzoni, katikati na mwishoni mwa mwaka wa masomo. Hayo yalikuwa mageuzi mazuri. Mwalimu aliyekuwa akipata matokeo wakati watoto wamekwisha kwenda likizo sasa anaweza kujua mapema nani anahangaika na sauti za herufi na nani anasoma maneno yote bila kuelewa kisa.

Hata hivyo, vipimo viwili vya kwanza ni vya kumwongoza mwalimu na mzazi, na uzito wa uamuzi umebaki kwenye kile cha tatu. Mfikirie mtoto ambaye Septemba alikuwa akifuata neno mojamoja kwa kidole, Januari akaanza kusoma sentensi nzima, na Mei akakosa alama chache za kuvuka. Jimbo lina kumbukumbu za safari yake yote, nalo linamhukumu kwa kituo cha mwisho. Ni kweli kwamba anaweza kuokolewa na mtihani mbadala au jalada la kazi zake, lakini njia hizo zinahitaji mzazi anayejua kwamba zipo na anayeweza kuzidai. Kwa familia za Wakongomani waliohamia Jacksonville, zinazozungumza Kiswahili nyumbani, sheria inamlinda mtoto aliyefundishwa Kiingereza kwa muda usiofika miaka miwili. Akishavuka miaka hiyo, nafuu hiyo humwisha, hata kama lugha ya vitabu bado inampiga chenga.

Wasomaji wa huku kwetu hawahitaji kuelezwa uchungu wa kukariri, hasa Watanzania waliokwama kidato cha pili. Kenya, baada ya kuufanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa mara ya mwisho mwaka 2023, imechagua kugawa uzito: katika kuhitimu sekondari ya chini, mtihani wa gredi ya tisa hubeba asilimia 60, na zilizobaki hutoka kwenye tathmini ya gredi ya sita na ile ya shuleni. Mpango huo una matatizo yake, lakini angalau siku moja mbaya haiamui kila kitu.

Wabunge wa Tallahassee, makao makuu ya Florida, hawahitaji kubuni mtihani mpya. Waandike katika sheria kwamba maendeleo kati ya kipimo cha kwanza na cha tatu yahesabiwe kabla mtoto hajarudishwa darasa, na kwamba shule ndiyo iwajibike kuandaa jalada la kazi za kila mtoto aliye hatarini, bila kusubiri mzazi aje kuomba.