Lettow-Vorbeck hakushindwa, ila nani alilipa?

Mazungumzo ya Vita Kuu ya Kwanza yakizuka kwenye baraza za Mji Mkongwe, hakosi mtu wa kusema: "Yule Mjerumani hakushindwa bwana." Anamkusudia Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la koloni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, Tanganyika ya baadaye. Na kwa hilo hajakosea. Alisalimu amri Abercorn, ndiyo Mbala ya Zambia leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, tena kwa kuwa serikali yake ndiyo iliyokubali yaishe.

Ujuzi alikuwa nao. Waingereza waliposhusha Tanga wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India, Novemba 1914, yeye alikuwa na watu kama 1,000. Akawarudisha baharini, wakamwachia bunduki na risasi. Königsberg ndiyo manowari ya Kijerumani iliyoizamisha Pegasus, manowari ya Waingereza, hapa hapa bandarini Unguja, Septemba 20 mwaka huohuo, Pegasus ikiwa imetia nanga kwa matengenezo (makaburi ya mabaharia wake yapo kisiwani Chapwani, watalii wanayapita wakienda kuogelea). Königsberg ilipomalizwa kwenye delta ya Rufiji mwaka 1915, Lettow alichukua mizinga yake kumi akapigana nayo nchi kavu. Hakuwa na tamaa ya kuishinda Uingereza. Alitaka tu kuwafunga huku maelfu ya askari wasipelekwe Ulaya, na kwa hesabu hiyo alifanikiwa.

Lakini jeshi lisilo na meli ya kuliletea chakula hula nini? Hula cha wanakijiji. Nafaka ilichukuliwa ghalani, ng'ombe zizini, na wanaume wakabebeshwa mizigo, wapende wasipende. Ugogo watu waliingia kwenye njaa waliyoiita Mtunya, baada ya majeshi ya pande zote mbili kuwakomba.

Hapo ndipo watetezi wake wanaposhika: pande zote mbili! Ni kweli. Wapagazi wa Waingereza walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na lishe mbovu kuliko risasi. Hata vijana wa Unguja walikwenda. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliongoza kikosi chao cha wapagazi mwaka 1916. Mwingereza hatoki msafi hapa.

Hata hivyo, mimi hoja hiyo hainitoshi. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alitaka miji ya pwani isiguswe na vita. Hata kama alikuwa akilinda koloni tu, si watu wake, raia wangepona mengi. Lettow alimpuuza, na ushindi wa Tanga ukamfanya aonekane yeye ndiye mwenye akili. Kuanzia 1916, koloni ilipokwisha kumponyoka sehemu kubwa, kila mwezi aliouongeza ulikuwa faida ya Berlin, na gharama yake ni ya Mgogo, Mmakonde na Myao. Kama kamanda nampa alama zote. Kama kiongozi wa watu, namuuliza huyo mwenzetu wa barazani: hao aliokuwa akiwaongoza ni akina nani hasa?