Kirusi hakijui mpaka wa kijiji

Hapa Leicester, Uingereza, barua ya kuitwa kipimo cha mlango wa kizazi, cha kutafuta HPV, kirusi kinacholeta saratani ya hapo, huja yenyewe. Inakuanza ukikaribia miaka 25, haikuachii mpaka 64. Ya kwanza niliipachika kwenye friji, ya pili nikaandikia mgongoni orodha ya sokoni. Ya tatu nikaona aibu, nikaenda.

Nesi akanipa fomu: Mweupe, Mwasia, Mwafrika Mweusi, weka tiki. Nikamuuliza, kwani kirusi kinachagua? Akacheka. Akasema wanawake wa jamii za wahamiaji wengi hawaitikii barua, ndiyo maana wanahesabu. Yaani akina mimi na friji yangu.

Siku hiyo niliwaza nyumbani. Kwetu Old Moshi, Kilimanjaro, ukitaja saratani ya mlango wa kizazi utaambiwa ni ya watu wa mjini, au ya makabila fulani, yanatajwa bila hata kupunguza sauti. Huku nako Mtanzania mwenzangu kashika kwamba damu ya mtu mweusi ndiyo dhaifu, eti mbona Marekani wanawake weusi wanakufa zaidi na ugonjwa huu kuliko Wazungu. Wanakufa kweli. Ila ukifuatilia utakuta bima, umbali wa kliniki, na majibu mabaya ambayo hakuna aliyempigia mgonjwa simu kumpa.

HPV huenezwa kwa ngono, na wengi wetu tunakipata wakati fulani, mke wa mchungaji naye yumo. Mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe ndani ya mwaka au miwili. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi, na kutoka maambukizi hadi saratani huweza kupita miaka 15 au 20. Mwenye VVU asiyetibiwa, muda huo ni mfupi zaidi. Miaka yote hiyo, swali ni moja: kuna mtu aliyekuchungulia?

Mama yangu mdogo hakuchunguliwa. Alianza kutokwa damu wakati hedhi ilishakoma zamani, akaambiwa kwenye zahanati moja kuwa ni umri, akapewa vidonge. Tulipomfikisha Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, alikuwa amevaa khanga mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu ya harufu. Hilo sitalisahau.

Lakini msidhani nasifia Ulaya tu. Chanjo ya HPV ilijaribiwa Kilimanjaro mwaka 2014, miaka minne kabla ya kusambazwa nchi nzima. Na kile kipimo cha siki cha nyumbani nakipenda kuliko cha huku: nesi anaipaka kwenye mlango wa kizazi, mnasubiri dakika moja, penye tatizo panageuka peupe, na mara nyingi unatibiwa siku hiyohiyo. Mimi nilisubiri majibu huku nikikodolea tundu la barua mlangoni. Kinachokosekana nyumbani ni barua, mtu wa kukuita kwa jina.

Basi mwaka huu barua ni mimi. Desemba, kabla mbege haijaiva, nawabeba wifi zangu wote wenye miaka 30 hadi 50 kwenye Noah moja, tunashuka mjini kupima. Nimeshatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la ukoo. Kaka zangu kimya. Wifi mkubwa kajibu kwamba atakuja, kwa sharti nesi asiwe mtu wa kijijini kwetu.