Ndoo zangu zimegeuka bustani

Jamani kwangu Tabata siku hizi ukiacha kitu chochote chenye mdomo juu na kitako chini, hesabu umekipoteza. Mama Shani kaangalia video mtandaoni, mtu anapanda maua kwenye makopo, basi tumekwisha. Kopo la maziwa ya unga, kopo la Blue Band, dumu la mafuta la lita 5 limekatwa tumbo likapakwa pinki, hotipoti tuliyopewa zawadi ya harusi nayo ina mshubiri. Hadi poti la mtoto! Nikasema hapa umezidi, akanijibu mtoto mwenyewe yuko darasa la pili, we unamtunzia nani.

Mwanzoni sikugomba maana tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019 humu ndani hakitupwi kitu, kila kopo "litafaa tu", kabati la jikoni halifungi. Nikaona makopo yanapungua nikashukuru. Kumbe yanahama tu, yamejipanga kibarazani kama abiria wa mwendokasi jioni, mi kuingia ndani kwangu natembea upande kama kaa. Na vile visahani vya chini vikituama maji mbu wanazaliana humo, dengi ya 2019 ilivyotulaza watu wa Dar mi sijasahau, nikisema naambiwa weka mchanga kwenye visahani. Niweke mimi!

Sasa wiki iliyopita. Maji kwetu ni ya mgao na yakija yanakuja saa nane usiku kama mwizi. Nimeamka, nimepanga ndoo zangu tatu za rangi za lita 20, nimeingiza mpira, nimesimama nasinzia, ndoo haijai. Nikajua tu leo presha ndogo. Nusu saa nzima! Mara nahisi baridi miguuni, kandambili moja inaondoka yenyewe kuelekea sebuleni. Kuwasha tochi ya simu, ndoo zote zina matundu matano matano kwenye kitako, yamepangwa vizuri kabisa. Nikamwamsha. Hata macho hajafungua vizuri, "Baba Shani, bila matundu mizizi inaoza, maji lazima yapate pa kutokea." Nikamwambia yamepapata mama, yako sebuleni.

Anachoma msumari kwenye jiko la mkaa anatobolea, chini anaweka kokoto, juu udongo mweusi na samadi. Na hiyo samadi ya mbuzi kaifuata Kinyerezi kwa bajaji ya kukodi, mimi juzi nimeomba nauli ya daladala nikaambiwa hela hakuna.

Kopo la chooni ndo limeniua kabisa. Jumapili kaja baba mkwe kutoka Korogwe, shikamoo baba, marahaba, chai, maandazi, mzee kaenda msalani. Kimya. Halafu sauti ya upole, "Mwanangu, humu kopo liko wapi?" Nikatupa jicho kibarazani, nikaliona limekaa limepakwa njano lina mrehani, tena umechanua. Mkewangu kaenda dukani. Nikazunguka jikoni kama kuku anayetaka kutaga, sufuria hapana, kikombe aibu, mwisho nikampitishia mlangoni jagi la kioo, lile la juisi la wageni. Mpaka leo hatujaliongelea, na juisi mi nimeacha.

Jana narudi kazini nakuta ndoo moja haipo pale kibarazani. Nikapata matumaini kidogo. Nikauliza, akasema jirani kaipenda na asumini yake, kanunua elfu 5. Mama Shani, ile ndoo tupu mi niliinunua kwa fundi rangi elfu 7! Akanitazama kwa huruma, akasema asumini hatukuinunua, kile kitawi tulipewa bure, kwa hiyo hiyo elfu 5 yote ni faida. Halafu akaniomba kesho nikipita kwa fundi rangi nichukue nyingine nne.