Macho Yote Mawili

Mwanaume wa pwani ya Tanga atakusimulia madeni yake, atakusimulia ugomvi wa wake zake, hata namna alivyopigwa na shemeji yake atakusimulia. Busha hakwambii. Atalifunika kwa kikoi, atakaa upande barazani, na ukimuuliza kwa nini siku hizi hapandi baiskeli, atasema goti linamsumbua.

Hilo ndilo lililotukwamisha pale kituo cha afya cha misheni ninakofanya uuguzi, njia ya Pangani. Kanisa moja la Marekani lilichanga pesa, likatuletea bingwa wa upasuaji na wenzake kwa wiki mbili, wapasue mabusha bure. Pamoja nao yakaja maboksi: glovu, nyuzi za kushonea, soksi za sufu (za nani, kwa joto la Januari?) na boksi zima la miwani ya mtumba ya kusomea, mingine ya kike yenye vito pembeni.

Pikipiki yenye spika ikazunguka vijijini: mabusha, bure, wote mnakaribishwa. Siku ya kwanza mchungaji akasali, bingwa akavaa, akasubiri. Wakaja akina mama na watoto wa homa. Tukapima malaria, tukagawa dawa mseto, na bingwa wa watu, aliyevuka bahari kwa sadaka za waumini, akaishia kumshona mvuvi kidole.

Jioni akaamua kutoa elimu. Akaeleza kwa picha kwamba busha huletwa na minyoo myembamba inayosambazwa na mbu, ndiyo maana serikali hugawa ivermectin na albendazole hata kwa asiyeumwa. Wazee wakaitikia, "Naam, daktari." Kisha bingwa akachukua dafu, akalinywa lote mbele yao. Sijaona watu wakimhurumia mgeni namna ile. Pwani nzima inajua busha linatokana na madafu, na huyu ndugu alikuwa akinywa matatu kwa siku.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa msikitini. "Tangazeni macho," alisema. "Mwenye lake ataelewa."

Habari ikapita chini kwa chini, na kesho yake foleni ikafika kwenye mwembe. Mchungaji akasali, wazee wakaitikia Amina ya nguvu, wakajisomea Fatiha zao kimya kimya, wakaingia. Kila aliyefanyiwa upasuaji, siku ya kuruhusiwa, tulimvisha miwani, akawaoneshe majirani alichofuata. Kijiji kikajaa wazee wenye miwani, wanatembea miguu imetengana, polepole, wakisifu jinsi wanavyoona mbali. Akina bibi waliokuja na mtoto wa jicho wa kweli tuliwaandikia rufaa ya hospitali ya Bombo, Tanga mjini. Walininunia mimi, si mzungu.

Sasa, wiki ya pili ndipo yale macho mekundu yaliyoanza kusumbua Dar es Salaam Januari ile ya 2024 yalipopanda basi, yakashuka kwangu. Bingwa akanitoa chumba cha upasuaji nisije nikawaambukiza wagonjwa. Nikawekwa getini, na miwani nyeusi, naandika majina. Wakati huo mshenga wangu alikuwa ameshapeleka barua ya posa Ngamiani na mahari inajadiliwa. Nikamtumia mchumba ujumbe: "Naumwa macho, Jumapili sitafika kwenu." Simu ikanyamaza. Nikapiga, haikupokelewa.

Jumatano akafika baba yake mkubwa, mstaafu wa bandari, kanzu imenyooka na bakora mkononi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Usinyanyuke, mwanangu, usinyanyuke." Akaketi benchi la mbali. "Tumesikia una macho."

"Ndiyo, baba."

"Yote mawili?"

"Lilianza la kushoto, kesho yake likahamia la kulia."

Akafumba yake. "Yamevimba?"

"Sana. Asubuhi ndiyo balaa, yanatoa maji mpaka shuka inalowa."

"Subhana..." alisema, na yeye ni mzee wa kanisa. "Watakata?"

"Hapana, baba, hayakatwi haya. Nimepewa dawa ya matone. Nadondoshea mwenyewe."

"Mwenyewe! Unayaona?"

"Natumia kioo."

Pale getini mlinzi alikuwa ameshageukia ukutani, mabega yanamtetemeka. Mimi, Mungu anisamehe, nilidhani anakohoa.

"Nikuulize kama mzazi," alisema baba mkubwa. "Na watoto, je?"

"Watoto wanaambukizwa upesi kuliko wote. Ukiyashika tu, kisha ukampa mtu mkono, umeshampa. Ndiyo maana sikukupa mkono, baba."

Baba mkubwa alipangusa kiganja kwenye kanzu ingawa hatukugusana. Akasimama, akaanza ile hotuba ya ukoo, kwamba ndoa hupangwa na Mungu, na binti bado mdogo, na kwamba wao hawana kinyongo. Nikachanganyikiwa. Machozi yakaanza kunitoka, ya ugonjwa tu, nikavua miwani niyafute.

Akanyamaza. Akainama mpaka pua ikakaribia yangu, akatazama macho mekundu kama pilipili ya mbuzi.

"Kumbe ni macho!"

"Si ndiyo ninayokwambia tangu saa ile?"

Akarudi kwenye benchi. Safari hii nikaona kitu ambacho muuguzi nilipaswa kukiona mapema: alikaa upande. Akachungulia kushoto, akachungulia kulia, mlinzi akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Mwanangu," alinong'ona, "sasa na yale mengine... foleni yake ndiyo hii hii?"

Bingwa alimfanyia Ijumaa, siku ya mwisho. Kwenye boksi ilikuwa imebaki miwani ya vito tu. Aliivaa hivyo hivyo, na aliivaa tena siku ya harusi yetu, mstari wa mbele kanisani, magoti yametazama kila moja upande wake, akimweleza kila aliyemsalimia kwamba siku hizi anasoma Biblia bila taa. Mkewe hakusema lolote. Ila kigelegele alichopiga kilikuwa kirefu kuliko cha mama wa bibi harusi.